Jina la Baba Yako Mdogo

Njiro, Alhamisi alasiri

Furaha mwanangu,

Salamu nazikata leo. Umetoka hapa sasa hivi, manukato yako bado yako sebuleni, na kesho alfajiri nitakusindikiza stendi, kwa hiyo hali yako naijua na yangu unaijua. Umekwenda Kaloleni kuwaaga wenzako. Mimi nimekaa kwenye meza ya chakula na karatasi hizi, na nimeshainuka mara sijui ngapi. Nimekwenda kuangalia kama geti limefungwa. Limefungwa. Nimekwenda kujaribu zipu ya begi lako. Inafunga, ila umejaza viatu kana kwamba unakwenda kufungua duka. Nimerudi, nimekaa, nimeinuka tena kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa na kutolala dirisha wazi sitakuandikia. Hizo unazijua, na usizozijua joto la Dar es Salaam litakufundisha. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jana jioni tukila. Ulikuwa unakoroga loshoro yako ya mahindi na mtindi, hukuinua hata macho, ukasema:

"Nitamkata mwenyewe, mama, kabla jina halijafika juu. Kama ulivyofanya wewe."

Ulisema kwa kujivunia. Ulikuwa unajivunia mimi. Ndiyo maana sikulala vizuri.

Kwanza nikugombeze kidogo, maana nisipokugombeza utadhani naumwa. Umeajiriwa kwenye ofisi inayochambua majina ya watu wanaoomba kuingia kwenye bodi za mashirika ya umma. Wiki iliyopita ulikwenda siku mbili tu kutambulishwa, ukaonyeshwa rundo la maombi, ukaliona humo jina la baba yako mdogo Anaeli, ameomba kuwa mjumbe huru kwenye bodi ya shirika la magunia. Ukarudi Arusha ukaniambia mimi, mezani. Siri ya ofisi imevunjika kabla hata hujaripoti kazini. Mimi ni mama yako na nyumba hii haina masikio mengine, lakini ukianza kwa kumwambia mama, utaendelea kwa kumwambia rafiki wa mama. Basi. Hilo limeisha.

Lililobaki ni hilo la "kama ulivyofanya wewe". Unaijua hadithi hiyo jinsi ilivyosimuliwa kanisani. Sasa usome ilivyokuwa.

Ulikuwa kidato cha pili. Baba yako alikuwa ametuacha mwaka mmoja na ushee, mimi nikiwa bado mkuu wa shule ya biashara. Nchi ilikuwa inageuka. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla vitu vya nje, na mashirika ya umma yakaambiwa yasimame yenyewe au yauzwe. Kiwanda cha maturubai na mahema hapa mjini kilikuwa miongoni mwa yale yaliyopewa nafasi ya mwisho. Bodi yake ya zamani ikavunjwa, maana ilijaa watu waliowekwa kwa simu, mmoja alikuwa shemeji wa fulani, mwingine aliwahi kuwa mkuu wa wilaya na hakuna aliyejua ampeleke wapi. Serikali ikasema safari hii wanataka wajumbe huru. Maana yake, mtu wa nje, si mfanyakazi wa kiwanda, si wa wizarani, anayeijua kazi, na anayeweza kumwambia meneja mkuu hapana bila kuogopa kukosa mshahara. Tangazo likatoka gazetini. Yeyote mwenye sifa aombe.

Kamati ya kuwachagua ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Mzee Samweli, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Wa pili alikuwa ofisa kijana kutoka wizarani, amevaa suti iliyoifaa baridi ya Arusha ya mwezi wa Julai lakini yeye alikuwa akitetemeka ndani yake. Wa tatu mimi. Nilichaguliwa kwa sababu sikuwa na kampuni wala cheo cha chama, na kwa sababu nilisifika kwa ukali. Ukali huo unaujua wewe kuliko wazazi wote waliowahi kulalamika.

Mimi ndiye niliyekuwa nasoma majina kwa sauti. Nikayasoma, tukayajadili, nikaendelea, mpaka nikakuta karatasi ya Anaeli.

Usisahau huyo mtu alikuwa nani wakati ule. Alisomea ufumaji ng'ambo, akafanya kazi kwenye viwanda vya nguo Morogoro na Mwanza mpaka walipompunguza, akarudi kijijini Poli kwenye kahawa na migomba. Turubai alilijua tangu likiwa pamba. Katika lile rundo zima, na nasema hili nikiwa nimelisoma lote, hakukuwa na wa pili wake.

Sikulisoma jina lake. Nililiweka pembeni, uso chini. Mzee Samweli akauliza mbona hilo moja naliweka peke yake. Nikasema ni mdogo wa marehemu mume wangu, tuliondoe. Akavua miwani. Akasema kuwa shemeji si kosa, kosa ni kuficha, na mimi sijaficha. Akaniambia nitoke nje, wao wawili wamjadili, nirudi kwa jina linalofuata. Ndivyo alivyozoea kufanya mahakamani, alisema, na dunia haikuanguka.

Furaha, alinifungulia mlango kabisa. Nami nikakataa. Nikasema hakuna mtu Arusha nzima atakayeamini kwamba nilikaa nje nikila karanga wakati shemeji yangu anapitishwa ndani. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari. Yule kijana wa wizarani akacheka kwa kuvutiwa, akasema mama huyu ni chuma. Neno hilo lilinipendeza. Nilitembea nalo mpaka nyumbani.

Nimekuwa nikijiambia kwamba niliogopa maneno ya watu. Ni kweli, niliyaogopa. Lakini jana usiku nilipokuwa nageuka kitandani nikaona kuna jambo jingine chini ya hilo, na ni baya zaidi. Sikuweza kuvumilia kukaa nje ya kile chumba. Watu wawili ndani wanazungumza juu ya mtu wangu, na mimi sisikii, sishiki chochote. Afadhali aanguke kwa mkono wangu kuliko apite au aanguke kwa mikono ya wengine nikiwa sijui. Hicho ndicho chuma walichokisifu.

Nimeinuka tena. Nilidhani nimesikia mvua, nikaenda kuanua nguo. Hakuna mvua, Mlima Meru umejifunika mawingu tu.

Tuliyemchagua kwa kiti kile alikuwa Daktari Lusajo. Daktari wa vitabu, si wa sindano. Mpole, mwaminifu, hana ndugu hata mmoja mkoa huu, hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alikuwa huru kwelikweli, huru mpaka na turubai lenyewe. Hakuiba hata msumari, nataka ulijue hilo, maana watu wakisikia kiwanda kimekufa hutafuta mwizi. Alikuwa akija kwenye vikao na tabasamu, akiuliza vizuri kuhusu ratiba ya ndege ya kurudi. Siku moja wakuu wa kiwanda walileta pendekezo la kuacha kufuma, wanunue majora ya plastiki kutoka nje, wao wawe wanashona tu na kutia pete za kamba. Ilikuwa rahisi, na bei ilikuwa nzuri. Mjumbe aliyekuwa anaijua kazi angeuliza swali moja tu, kwamba plastiki hiyo inakaa vipi kwenye jua letu. Hakuna aliyeliuliza. Kiangazi cha kwanza maturubai yakapasuka juu ya malori, wenye malori wakayarudisha, na ndani ya muda mfupi jina la kiwanda likawa tusi sokoni. Wanawake waliokuwa wakishona pale wengi walikuwa wa Sombetini. Baadhi yao walikuwa na watoto shuleni kwangu. Wale watoto waliondoka mmoja mmoja, na kila mzazi aliyekuja kuaga alinishukuru kwa malezi.

Siwezi kuapa kwamba Anaeli angekiokoa. Bodi ina watu wengi. Lakini swali lile angeliuliza, hilo naapa.

Sasa nifike pale ambapo hujawahi kusikia.

Anaeli alipata barua ya mistari miwili, hakufaulu, ahsante kwa kuomba. Hakuambiwa kwa nini. Alijua mimi nilikuwa kwenye kamati. Mtu mwingine angenuna, au angekuja kunipigia kelele getini. Yeye alikaa akajichunguza. Akakumbuka kwamba siku tulipogawa shamba la baba yako kule Poli, alinijibu vibaya mbele ya wazee kuhusu mpaka. Mimi nilikuwa nimeshalisahau. Yeye akahesabu kwamba hilo ndilo kosa lake, na kwamba ndilo lililomfunga.

Jumapili moja baada ya ibada akaja hapa na mkewe na mzee mmoja wa ukoo. Mkononi ameshika jani la sale. Wewe umekulia Njiro kwenye kuta za matofali, sale unaliona tu kama mmea wa mpakani. Ni wa mpakani, ndiyo. Lakini jani hilohilo ndilo tunalopeleka mkononi tunapoomba radhi, na aliyeletewa hakatai. Akikataa, lawama inahamia kwake na kwa watoto wake. Sisi Walutheri wa mlimani tunaungama madhabahuni na kesho yake tunapelekeana sale, na hakuna mchungaji aliyewahi kutuuliza ipi ni ipi.

Akalishika kwa mikono miwili. Akasema, "Mama Furaha, kama ni yale maneno ya siku ya shamba, nimekosa. Nisamehe mimi, usiwahesabie watoto."

Mkewe alikuwa analia. Nami nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ilitosha kusema: huna kosa, Anaeli, rudisha jani lako, mimi ndiye. Nikajiambia siri ya kamati. Nikajiambia nikilikataa sale nitamletea balaa. Unaona jinsi mtu aliyesoma anavyojua kutafuta sababu? Nikanyoosha mkono, nikalipokea, nikasema yameisha. Kwetu, ukilipokea umekubali mambo mawili kwa pamoja, kwamba unasamehe, na kwamba ulikosewa. Mbele ya mzee wa ukoo nilimthibitishia mtu asiye na kosa kwamba ana kosa.

Wiki iliyofuata akang'oa masale ya mpakani, akayapanda ndani zaidi upande wake. Akatuachia ukanda ule wote wenye migomba, ili neno la mpaka lisisikike tena. Ndizi unazokula kila mara anapotuletea, mwanangu, zinatoka pale. Nami nimekuwa nikizipika.

Baadaye ndipo mchungaji wetu akasimulia madhabahuni habari ya mama mmoja, hakumtaja jina, aliyemkata ndugu yake mwenyewe ili haki isimame. Sijui nani aliyemwambia, namshuku yule kijana wa suti. Usharika mzima uligeuka kunitazama. Wewe ulikuwa kando yangu, ukanifinya mkono kwa furaha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikalitia maji miaka yote hii, kwenye vikao, kwenye harusi, mbele yako. Na jana ukaninywesha.

Leo asubuhi nilikwambia nakwenda Tengeru kutafuta ndizi za safari. Nilikudanganya nusu. Ndizi nimeleta, lakini nilipanda mpaka Poli.

Nilimkuta anapogoa kahawa, na buti zake za mpira. Mkewe alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Akaniamkia shikamoo shemeji, nikaitikia, akaanza kutafuta kiti. Nikamwambia sikai. Nilijua nikikaa tu tutaanza habari za mvua. Nikasema nikiwa nimesimama katikati ya mibuni, viatu vimejaa matope, kwamba siku ile ya sale hakuwa na kosa lolote, kwamba jina lake nililikata mimi kwa kalamu yangu kwa kuogopa watu, na kwamba nilimwacha aombe radhi kwa jambo lisilokuwepo.

Alimalizia tawi alilokuwa amelishika. Akasema, "Najua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mahubiri yale. Yalipanda mlimani haraka kuliko gari, na kwani nani asingejua mama mwenyewe ni yupi. Nikamuuliza kwa nini basi hakurudisha mpaka, kwa nini aliendelea kutuletea ndizi. Akasema ndizi ni za watoto wa kaka yake, haziingii kwenye mambo yetu. Halafu akasema, taratibu tu, bila kunitazama, kwamba alikuwa akingoja nije niseme mwenyewe, na kila Krismasi alidhani ni hiyo.

Nililia, Furaha. Mimi. Macho yangu uliyaona mekundu nikakwambia ni vumbi la barabara.

Nikamwomba twende tukayarudishe masale mahali pake. Akatikisa kichwa. Akasema yeye amemaliza, ila mkewe ndiye aliyelia siku ile na hajaacha, kwa hiyo la mpaka nikaongee naye. Nitakwenda Jumamosi. Huyo mwanamke ananiogopesha kuliko majaji kumi, na ana haki.

Nilipokuwa nageuka kuondoka ndipo akasema jambo la pili. Sikulianzisha mimi, nakuapia. Akasema ameomba tena nafasi, kwenye bodi ya magunia, na amesikia mtoto wetu anakwenda kwenye ofisi hiyo. Niliuma ulimi.

"Mwambie asinibebe," akasema. "Na asinitupe. Wanipime tu."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, na nimeteremka nayo mpaka hapa, na tangu hapo siketi nikatulia. Kwa sababu wewe ni binti yangu. Una kidevu changu na una haraka yangu, na jana nilikuona ukiwa tayari umeshashika kalamu. Unadhani ukilikata jina la ndugu umetenda haki. Mimi najua unachojipatia pale: unajipatia sifa, na bili anaipokea mwingine.

Wala sikutumi umbebe. Watakuja wa kubebwa, usiwe na shaka. Watapita kwangu kwanza, na mitungi ya maziwa na salamu ndefu, nami nitawarudisha na mitungi yao. Ukiwasikia wanasema mama yako amekubali, jua ni waongo. Hao ni rahisi, utawatambua kwa jinsi wanavyokusifu. Mgumu ni yule anayefaa na ni wa kwenu. Kwa huyo kila ufanyacho kitanuka, ukimpitisha kitanuka, ukimkata kitanuka, na ndipo utakapotamani sana kufanya kile kinachokupa wewe usingizi. Usingizi wako si sifa ya mjumbe wa bodi. Wanaohitaji gunia zuri hawajui kama ulilala.

Basi Jumatatu ukifika, kabla hujafungua rundo, nenda kwa mkubwa wako. Mwambie huyu ni baba yangu mdogo, alikuwa baba kwangu baada ya baba, na siwezi kuligusa jina lake kwa heri wala kwa shari. Hilo la heri atakuelewa. Hilo la shari usiliache, ndilo nililoliacha mimi. Umwombe aliandike. Na siku watakapofika kwenye jina hilo, inuka utoke.

Hapo ndipo nisipokuamini, kwa kuwa sikujiamini mimi. Ukishatoka, usisimame mlangoni. Usijifanye unatafuta faili kwenye kabati la karibu. Usimuulize aliyepeleka chai walikuwa na sura gani. Teremka ngazi, nenda mbali, kaa mahali usiposikia kitu. Utaumia. Mikono itakuwasha utake kurudi kushika jambo. Huenda wakampitisha na usijue kwa nini, huenda wakamwacha na usijue kwa nini, na kumuuliza mtu hutaweza. Kaa hivyohivyo.

Mimi nilishindwa kukaa nje ya mlango ule hata robo saa. Baba yako mdogo amekaa nje ya mlango wangu miaka yote hii, akiniletea ndizi.

Mama yako